Saa za LED za miaka ya 1970: nunua mwanga kwanza

Mjomba aliniachia saa ya mkononi yenye kioo chekundu cheusicheusi kisichoonyesha kitu. Ndugu wote walioishika waliitikisa, wakaisogeza sikioni, wakairudisha mezani: imekufa. Ilikaa kwenye droo miaka. Siku nilipoifungua nilikuta betri mbili zimevimba na springi moja imeota ukoko wa kijani. Nilisafisha, nikaweka betri mpya, nikabonyeza kitufe, na tarakimu nyekundu zikawaka. Tangu siku hiyo sijaacha kutafuta saa za LED, yaani zenye tarakimu za taa ndogondogo, kuzinunua na kuzifufua, na ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa ningeambiwa kabla ya kununua ya pili.

Kwanza uzijue. Pulsar, iliyotoka kwa kampuni ya Hamilton, iliingia madukani Marekani mwaka 1972 ikiwa na kasha la dhahabu, kwa dola 2,100. Kufikia 1976 Texas Instruments ilikuwa ikiuza za plastiki kwa dola zisizofika 20. Muongo haukuisha kabla saa za LCD, zile za tarakimu nyeusi zisizotoa mwanga, hazijazifagia sokoni, kwa sababu LCD huonyesha saa muda wote kwa umeme kidogo sana, ilhali LED hula umeme mwingi kiasi kwamba haiwezi kuachwa imewaka. Ndiyo maana kuna kitufe: unabonyeza, inawaka sekunde chache, inazima. Kaa na hilo la ulaji wa umeme kichwani, maana magonjwa mengi ya saa hizi yanaanzia hapo.

Kununua

Sheria yangu ni moja: nunua saa ambayo tarakimu zake zinawaka zote. Kasha lililokwaruzika utaling'arisha. Mkanda utaubadilisha. Springi zenye kutu utazisafisha. Lakini tarakimu iliyokufa ni kazi ya mtu mwenye hadubini na mkono usiotetemeka, na mara nyingi hata yeye hana pa kuingilia, kwa kuwa vipande vya taa vimefunikwa na gundi ngumu ya kung'aa tangu kiwandani. Mgeni wa kazi hii akivutiwa na kasha zuri ambalo moduli yake, yaani mtambo wa ndani, imekufa, amenunua bangili.

Kila tarakimu imeundwa kwa vijiti saba. Muuzaji akikutumia picha moja ya saa inayosoma 1:11, hujaona kitu. Hapo vinawaka vijiti viwili tu kwa kila tarakimu. Mwombe video. Katika saa nyingi za aina hii ukishikilia kitufe baada ya saa na dakika kuonekana, sekunde zinaanza kukimbia mahali palepale pa dakika. Mwache ashikilie dakika nzima. Tarakimu ya mwisho itapita 0 hadi 9 na ile ya kabla yake 0 hadi 5, na ukitazama kwa utulivu utakuwa umeviona vijiti vyote vya tarakimu hizo mbili. Kwa upande wa saa, mwombe aisogeze mbele mpaka umalize mzunguko wa saa 12. Anayekataa video ya dakika moja anakueleza kitu, msikilize.

Neno "haijajaribiwa" mimi nalisoma kama "ilijaribiwa, haikuwaka". Kuweka betri mbili si kazi ngumu, na saa inayowaka huuzwa ghali kuliko isiyowaka. Nani angeacha kujaribu? Si kwamba usiinunue kamwe. Inunue kwa bei ya vipuri, na uhesabu kwamba ni vipuri. Hapa kuna jambo la kufurahisha: moduli za kampuni chache, kama Hughes Aircraft, ziliwekwa ndani ya saa za majina mengi tofauti. Kwa hiyo saa mbovu yenye jina usilolijua inaweza kuwa na moyo uleule unaouhitaji. Fungua, linganisha maandishi ya kwenye moduli na umbo lake, usilinganishe jina la kwenye kioo.

Kuna na "mpya ya stoo", yaani haijawahi kuvaliwa. Inavutia, lakini uliza kama betri za zamani bado zimo. Nimeona saa yenye karatasi ya kiwandani juu ya kioo, na ndani maji ya betri yameshakula njia za sakiti. Ile ambayo mtu aliivaa kila siku na kuitoa betri alipoichoka huwa nzima zaidi.

Ukiona tarakimu za buluu au nyeupe, hiyo si ya miaka ya 1970 hata iwe na kasha la namna gani. LED za buluu zenye mwanga wa kutosha zilikuja miaka ya 1990. Mwanga wa kawaida wa enzi hizo ni mwekundu.

Kwa Pulsar za mwanzo angalia pia mkanda. Hazina vitufe vya kurekebisha saa. Zinarekebishwa kwa sumaku ndogo inayowekwa kwenye mashimo ya nyuma ya saa, na sumaku hiyo hukaa ndani ya kifungo cha mkanda. Mkanda ukipotea usilie, sumaku nyingine ndogo itafanya kazi.

Kufungua na kusafisha

Vifaa ni vichache: kisu chembamba au ufunguo wa mfuniko wa nyuma, bisibisi ndogo, kibano cha plastiki, lenzi ya kukuzia, multimita (kipima umeme), vijiti vya pamba, siki nyeupe, alkoholi ya isopropili. Kabla ya kugusa moduli shika chuma kikubwa kilichogusa ardhi, na usifanye kazi hii umevaa nguo ya nailoni. Chipu za ndani ni za aina iitwayo CMOS, na umeme tuli usiousikia hata kidoleni unatosha kuziua.

Piga picha kabla ya kutoa chochote. Betri zimeunganishwa mfululizo, na katika saa nyingi moja inatazama juu na nyingine chini. Dakika kumi baadaye hutakumbuka ipi ilikuwa ipi.

Sasa ukoko. Ule wa kijani na mweupe ni mabaki ya betri iliyovuja, na ni alkali. Asidi dhaifu huutuliza. Ninachovya kijiti cha pamba kwenye siki, nakikamua mpaka kibaki na unyevu tu, kisha nagusa springi na kusubiri. Ukoko unatoa vipovu vidogo. Nafuta, narudia, nabadilisha pamba kila inapochafuka. Pamba ikitoka safi napitisha alkoholi mara mbili ili siki isibaki, kisha naacha ikauke kabisa. Chini yake utakuta chuma kilichofifia au chenye vishimo. Kisugue polepole kwa kalamu ya kusugulia yenye ncha ya nyuzi za glasi mpaka king'ae pale betri inapogusa. Usikwangue kwa kisu. Springi hizi zilipakwa ngozi nyembamba sana ya chuma kizuri, na ukiiondoa kutu itarudi upesi.

Tarakimu zenyewe usizisugue. Moduli yangu ya tatu niliiua hivyo. Kulikuwa na vumbi juu ya taa, nikapitisha pamba kidogo tu, na unyuzi wa pamba ukanasa waya wa dhahabu mwembamba kuliko unywele unaounganisha kijiti kimoja na sakiti. Nilisikia kama mvuto mdogo mkononi. Tangu hapo 8 yake inasomeka 6. Vumbi la hapo lipulizwe kwa pampu ya mpira, basi.

Betri

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Nyingi zinataka betri mbili za volti 1.55, na jumla ya volti tatu hivi ndiyo inayowasha LED. Tumia za oksidi ya fedha, na ziwe zile zilizotengenezwa kutoa umeme mwingi kwa mpigo: 357 yenye upana wa milimita 11.6 na unene wa 5.4, au 386 yenye upana uleule na unene wa 4.2, kulingana na nafasi. Usichukue 303. Umbo lake ni lilelile la 357, lakini ilitengenezwa kwa saa zinazokula umeme kidogo. LR44 ya alkali nayo inaingia vizuri, inawaka siku ya kwanza, kisha tarakimu zinaanza kufifia kila ukibonyeza. Na usithubutu kuweka betri mbili za lithiamu za volti tatu. Zinafika volti sita na chipu haitakusamehe.

Betri ikipimwa juu ya meza hudanganya. Ipime ikiwa ndani ya saa huku umebonyeza kitufe. Volti zikiporomoka, ama betri ni dhaifu ama mguso bado ni mchafu. Zikibaki imara na tarakimu haziwaki, tatizo liko ndani zaidi.

Kama tarakimu zinawaka zenyewe bila kuzima, kitufe kimenata. Kitoe, safisha mafuta yaliyokauka na jasho la zamani. Toa betri mara moja maana zitaisha upesi.

Kukosekana kwa kijiti nako kuna lugha yake. Tarakimu hizi haziwaki zote kwa pamoja; zinapokezana kwa kasi ambayo jicho halioni. Itikise saa gizani utaziona zikiachana. Kwa sababu hiyo vijiti vya mahali pamoja katika tarakimu zote hutumia njia moja. Kijiti cha juu kikikosekana kwenye tarakimu zote, njia hiyo au mguso wake umekatika, na pengine kusafisha kutasaidia. Kikikosekana kwenye tarakimu moja tu, ni waya au taa ya pale pale, kama ile niliyoikata mimi. Tarakimu nzima ikipotea, tafuta njia inayoihudumia tarakimu hiyo.

Kurudisha

Kioo cha plastiki hung'arishwa kwa polishi ya plastiki na kitambaa laini, kwa duara ndogondogo na bila kukandamiza. Cha glasi usisumbuke nacho kama mikwaruzo si mirefu. Usibadilishe chekundu kwa cheupe: ule wekundu unazuia mwanga wa rangi nyingine usichanganyike na tarakimu, na ukiuondoa hutasoma kitu mchana. Mpira wa kuzuia maji utakuwa umekauka kama kamba ya zamani, weka mpya na uupake grisi ya silikoni kidogo. Hata hivyo mvua na saa hii visikutane.

Ikiwaka, iache wiki moja na uilinganishe na saa ya simu. Ndani kuna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na chipu inagawa idadi hiyo kwa mbili mara 15 mpaka ipate sekunde moja. Moduli nyingi zina skrubu ndogo ya kurekebisha mtetemo huo. Igeuze kidogo kuliko unavyodhani, subiri wiki nyingine, andika tofauti kwenye karatasi. Ukiigeuza kila siku hutajua kamwe iko wapi.

Na ukiivua kwa muda mrefu, toa betri zote mbili na uziweke kwenye mfuko mwingine, si ndani ya kisanduku cha saa.