Kabla hujaagiza vitambaa au suruali China, zielewe kwanza chi na cun

Jamani kabla hujamtumia hela muuzaji wa Guangzhou, shika futi ya fundi cherehani na kalkuleta uelewe kwanza wanapimaje, maana kipimo rasmi kule ni mita ila kwenye vitambaa na viuno vya suruali kile cha zamani bado kinatumika sana.

Cha kwanza ujue chi, inaandikwa 尺. Tangu 1930 chi ya sokoni inafuata mita, mita moja ni chi 3 kamili, yaani chi ni sentimita 33.3, usiichanganye na futi kile kipimo cha Kiingereza maana hiyo ni 30.48 tu. Chi moja ina cun 10 (寸) na chi 10 ndo zhang. Ukipewa chi gawa kwa 3 unapata mita, basi. Suruali imeandikwa kiuno 2尺3, hapo ni chi 2 na cun 3, chukua 2.3 gawa kwa 3, inakuja sentimita 76.7, ndo saizi 30 yetu hiyo.

Hapo kwenye cun kuwa makini sana, kwenye TV na simu Wachina wanasema cun wakimaanisha inchi, TV ya cun 55 ni inchi 55 zile zile, ila shati la urefu wa cun 21 ni sentimita 70, ukilisoma kama inchi unapata 53 na mzigo wote unakuwa umeuagiza kwa saizi ambayo sio.

Halafu uliza chi ya wapi. Ya Hong Kong ni sentimita 37.15, ya Taiwan 30.3, kwa hiyo jora la chi 90 China bara ni mita 30, kwa Hong Kong mita 33 na ushee, kwa Taiwan 27 na kidogo, na bei ya mita inabadilika hapo hapo.

Angalia pia herufi ya mbele: 公 ni vya mita (公尺 mita, 公分 sentimita), 市 vya sokoni, 英 vya Kiingereza, 英尺 ndo futi. Ukiona bado haieleweki omba picha ya nguo imelazwa na futi ya fundi juu yake, futi zao nyingi upande mmoja zina chi na upande wa pili sentimita, mwambie ageuze huo wa sentimita, na kwenye oda mwandikie sentimita tu.