Mkojo unachoma? Mambo ya kuzingatia kabla hujafika maabara

Mwanaume akisikia mkojo unachoma, mara nyingi hukimbilia duka la dawa kabla ya zahanati. Hununua vidonge vinne vitano vya siprofloksasini, akameza, akapata nafuu siku mbili, kisha maumivu yakarudi. Anapofika dirishani kwetu maabara na kopo lake la mkojo, wadudu wameshapungua kiasi cha kutuficha jibu, ingawa hawajafa. Kaka yangu, kama kuna neno moja la kushika hapa ni hili: usimeze antibayotiki yoyote kabla hujatoa sampuli. Isitoshe, kisonono kimeizoea siprofloksasini sehemu nyingi duniani.

Halafu kuna saa na namna ya kukinga mkojo. Ukishuku kisonono au klamidia (ugonjwa mwingine wa zinaa), kaa angalau saa moja bila kukojoa, kisha kinga ule wa mwanzo kabisa, maana ndio unaosomba wadudu waliojibanza kwenye njia ya mkojo. Kwa UTI, yaani maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo, ni kinyume: mwaga wa mwanzo chooni, kinga wa katikati. Kichocho nacho kina utaratibu wake. Kama ulikulia Pemba, au ulizoea kuoga kwenye mabwawa na vijito vya pwani, na mkojo wako humalizikia na damu, leta sampuli kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, matone ya mwisho yakiwemo. Muda huo ndio mayai ya minyoo ya kichocho hutoka kwa wingi. Nimeshapima kopo la alfajiri nisione kitu, na la saa 6 mchana la mtu yuleyule likawa na mayai yenye mwiba nchani, wazi kabisa kwenye hadubini.

Jiandae pia kusema ukweli. Lini ulikutana na mtu bila kondomu? Kisonono hujitokeza zaidi kati ya siku 2 na 7, na usaha mzito wa njano huacha doa kwenye chupi asubuhi; klamidia huchukua wiki 1 hadi 3, ute wake mwepesi. Mtu mzima wa miaka 50 na kuendelea, ambaye mkojo unakatikakatika na usiku anaamka mara nyingi, ataangaliwa tezi dume. Maumivu makali yanayotoka ubavuni kushuka kinenani huenda ni mawe. Taja na dawa zinazokudhuru.

Tiba hufuata jibu. Kisonono hutibiwa kwa sindano ya seftriaksoni, klamidia kwa doksisaikilini ya siku 7, kichocho kwa prazikwanteli inayopimwa kwa uzito wako. UTI ya mwanaume huhitaji siku 7 au zaidi, na maambukizi ya tezi dume wiki 2 hadi 4. Ikiwa ni ugonjwa wa zinaa, nenda na mwenzako. Wanawake wengi wenye klamidia hawasikii chochote, kwa hiyo akibaki bila dawa atakurudishia, na yeye mwenyewe anaweza kuharibika mirija ya uzazi.

Ila kama mkojo umeziba kabisa, au una homa ya kutetemeka, au korodani moja imeanza kuuma ghafla, usihangaike na kopo. Korodani iliyojinyonga, yaani iliyojisokota, huokolewa vizuri zaidi ndani ya saa 6. Panda bodaboda, nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane.