Jinsi ya Kupanga Msafara wa Meli Wenye Ukubwa wa Kweli katika Michezo ya Nyambizi

Wachezaji wa michezo ya nyambizi kama Silent Hunter III na UBOAT hubishana mara kwa mara iwapo misafara ya meli wanayokutana nayo katika Atlantiki ya Vita vya Pili vya Dunia ni mikubwa mno au midogo mno. Ubishi hauishi kwa sababu wengi huhesabu meli tu, ilhali kinachoupa msafara sura ya kweli ni umbo lake na nafasi iliyoachwa baina ya meli. Anayetaka kutengeneza misheni yake mwenyewe ahifadhi kwanza nakala ya faili la asili, kisha achague mwaka na njia kabla ya kuweka meli hata moja.

Mwaka ndio unaoamua idadi. Msafara SC 7 (herufi hutaja njia, namba hutaja zamu), ulioondoka Sydney nchini Kanada mnamo Oktoba 1940, ulikuwa na meli 35 za mizigo, na mwanzoni ulisindikizwa na manowari moja tu, HMS Scarborough. Meli 20 zilizamishwa. HX 229 wa Machi 1943 ulikuwa na meli zipatazo 40. HX 300 wa Julai 1944 ulikuwa na zaidi ya 160, nao ulifika Uingereza bila kushambuliwa. Kwa hiyo, kwa kipindi cha 1940 hadi mwanzoni mwa 1943, meli 30 hadi 50 zinatosha, na anayeweka meli 100 katika mwaka 1940 anabuni vita vyake mwenyewe. Mwendo nao uendane na njia: misafara ya SC ilikuwa ya meli za polepole, zilizokwenda maili 7 au 8 za baharini kwa saa, na ile ya HX ilikwenda maili 9 au 10.

Sasa umbo, ambalo ndilo hukosewa zaidi. Msafara haukuwa foleni ndefu, bali mstatili mpana usio na kina kirefu (yaani mfupi kutoka mbele hadi nyuma), kwa kuwa nyambizi hupendelea kufyatua torpedo kutoka ubavuni, na ubavu mfupi huiachia shabaha chache. Chukua meli 45 uzipange katika safu 9 za meli 5 kila moja, ukiacha mita 900 baina ya safu na mita 550 baina ya meli moja na inayoifuata. Upana unakuwa kilomita 7.2 na kina kilomita 2.2. Mchezaji anayechungulia kwa periskopu akiwa upande mmoja hapaswi kuiona vizuri safu ya upande wa pili, hasa bahari inapochafuka. Akiziona meli zote 45 kwa mara moja, basi zimesongamanishwa. Mchezo ukikubali kipimo kimoja tu cha nafasi, mimi huchagua kile kikubwa, kwa sababu msongamano huharibu uhalisia kuliko uwazi.

Kila meli ilikuwa na namba ya mahali pake: 11 ni ya kwanza katika safu ya kwanza, na 42 ni ya pili katika safu ya nne. Tumia mpangilio huo unapoandika orodha yako. Weka meli za mafuta na za risasi katikati, meli ya komodoa, yaani kiongozi wa meli za mizigo, mbele ya safu ya kati, na meli ya uokoaji nyuma kabisa. Pale mchezo unaporuhusu kutaja uwezekano wa kila meli kutokea, usizipe zote asilimia 100, la sivyo kila msafara utafanana na uliotangulia.

Manowari za kusindikiza zikae nje ya mstatili, mbele na ubavuni, si ndani ya safu. Msafara ONS 5, uliopigana vita vikali Mei 1943, ulianza na kundi la manowari 7, na hicho ni kipimo kizuri cha mwaka huo. Hapa ndipo hesabu ya mwanafizikia Patrick Blackett na wenzake katika jeshi la majini la Uingereza inapomsaidia mtengenezaji. Meli 90 katika safu 15 za meli 6 zina mzingo wa takriban kilomita 31, dhidi ya kilomita 19 za meli zetu 45. Meli zimeongezeka maradufu, lakini mzingo wa kulindwa haujafikia hata mara mbili. Kwa hiyo usizidishe manowari kwa kiwango kilekile cha meli, na usitarajie nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC, yenye torpedo 14, izamishe meli nyingi zaidi kwa sababu tu msafara umekua.

Kompyuta ikilemewa, punguza kina, usipunguze upana: safu 9 za meli 3 huonekana za kweli kuliko safu 4 za meli 7. Ikiwa hata hizo zinailemea, na mchezo una ramani ya Bahari ya Hindi, tengeneza KR 8, msafara uliotoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo mnamo Februari 1944. Ulikuwa na meli 5 za kubeba askari, kruza (manowari kubwa) Hawkins na manowari mbili ndogo za kasi, Paladin na Petard. Nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha Khedive Ismail tarehe 12 Februari karibu na Maldivi, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, kisha nayo ikazamishwa na manowari hizo mbili. Ni meli 8 tu kwenye skrini, na idadi hiyo ni ya kweli.