Tonado ikija usikimbie na gari: jinsi ya kuandaa nyumba na familia kabla ya msimu

Ndugu zangu mlioko Kentucky, Tennessee, Iowa, Oklahoma, Texas na majimbo ya jirani, hasa nyie mlioingia Marekani juzi juzi kutoka Nyarugusu, Kakuma, Nakivale na kambi zingine, tuongee kuhusu tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama mnara kutoka mawinguni mpaka chini na kubomoa nyumba, kabla haijatukuta. Kwetu tumezoea mafuriko, wengine tumezoea kukimbia vita, na mtu aliyewahi kukimbia akisikia hatari akili inamwambia kitu kimoja tu, beba watoto tuondoke. Kwa tonado hiyo ndo inaua watu. Tonado hukimbii, unajificha, na kuhama nyumba kunakuja ama mapema sana kabla dhoruba haijafika ama baada ya kupita, katikati hapo hutoki mlangoni.

Angalia yaliyotokea El Reno, karibu na Oklahoma City, tarehe 31 Mei 2013. Siku 11 kabla yake mji wa Moore pale jirani ulikuwa umepigwa vibaya, kwa iyo watu wana hofu, tonado ilipotangazwa wengi wakaingia kwenye magari wakawasha, barabara kuu zikajaa mpaka magari hayasogei. Ile tonado ilikuwa na upana wa maili 2.6, na waliouawa nayo walikuwa kwenye magari. Wengine waliokwenda kujificha kwenye mitaro ya maji ya mvua walikufa kwa mafuriko yaliyofuata. Na kujificha chini ya daraja la barabara nako usijaribu, mwaka 1999 kulekule Oklahoma watu walifia chini ya madaraja, upepo ukipita pale unabanwa unazidi nguvu na vitu vinavyorushwa vinakufuata palepale.

Sa msimu wenyewe. Watu wanasema ni mwezi wa nne mpaka wa sita na kweli ndo zinakuwa nyingi, kusini zinaanza mapema, Iowa na kaskazini zinasogea mpaka wa saba, na nyingi zinapiga kati ya saa kumi jioni na saa tatu usiku. Lakini usijenge imani kwenye kalenda. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, karibu na Krismasi kabisa, tonado ilipiga Mayfield, nyingine ikaingia Bowling Green mida ya saa saba usiku watu wamelala, Kentucky peke yake walikufa zaidi ya watu 70. Bowling Green mnajua ni mji wa wakimbizi, Wabosnia, Wakongo, Waburma, na kati ya waliokufa kulikuwa na familia za wageni kama sisi. Usiku huohuo Edwardsville, Illinois, watu 6 walikufa kwenye ghala, wako kazini.

Kwa iyo kitu cha kwanza ni kuamshwa. King'ora cha mji kimewekwa kwa ajili ya watu walio nje, ukiwa ndani umelala na feni inazunguka unaweza usikisikie kabisa. Simu yako inapokea tahadhari za serikali yenyewe bila kuunganisha kitu, ila wengi tulizima kwa sababu ya ule mlio wa kutisha, basi leo hii ingia kwenye setingi uiwashe, kwenye iPhone iko chini kabisa ya Notifications. Usiku wenye dhoruba simu ilale kwenye chaji na sauti iko juu. Na kama una dola 30 au 40 nunua redio ya hali ya hewa, inaitwa NOAA Weather Radio, inatumia umeme na betri, unaiwekea namba ya kaunti yako, yaani sehemu ya jimbo kama wilaya kwetu, af inakaa kimya mpaka kuna hatari kwenu ndo inalia. Mtandao ukikatika yenyewe bado inaongea. Mimi naona hiyo redio ina faida kuliko tivii ya pili.

Nimetaja kaunti. Tahadhari nyingi zinatajwa kwa kaunti, na wengi tunajua jina la mji tu. Bowling Green ni Warren, Louisville ni Jefferson, Des Moines ni Polk, Nashville ni Davidson, Abilene ni Taylor. Jua ya kwako na za jirani upande wa magharibi na kusini magharibi, maana dhoruba nyingi zinatokea upande huo. Iandike kwenye karatasi ubandike kwenye friji, bibi asiyejua Kiingereza akiisikia kwenye redio aitambue.

Maneno mawili yatakuja kwenye simu na lazima kila mtu ndani ya nyumba ayajue. Tornado Watch ni kwamba hali ya hewa leo inaweza kuzaa tonado, mara nyingi inashika kaunti nyingi kwa masaa kadhaa. Tornado Warning ni kwamba imeonekana kwa macho au kwenye rada, ingia mafichoni sasa hivi, usiende barazani kuangalia wala kupiga video, mara nyingi una dakika chache tu. Ile Watch ndo muda wako wa kazi. Chaji simu zote, watoto walale na nguo za kawaida na viatu viwe pale kitandani, bibi au babu asiyeweza ngazi alale chini usiku huo, begi lisogee karibu na maficho.

Na kama unakaa kwenye mobail homu, zile nyumba za treila, ondoka kwenye Watch. Usisubiri Warning. Nyumba ile hata ikifungwa chini kwa minyororo inapinduka na tonado ndogo tu, na hesabu zinaonyesha watu wanakufa humo mara nyingi zaidi kuliko kwenye nyumba zenye msingi. Panga wiki hii utaenda wapi, kwa shemeji mwenye besimenti (chumba cha chini ya ardhi), kanisani, au kituo cha mji, piga simu uulize kama kinafunguliwa usiku na kama funguo ziko kwa nani. Ukienda mara kumi na tonado isije hata mara moja hujapoteza kitu, umekunywa chai kwa ndugu.

Maficho ndani ya nyumba. Besimenti kama ipo, mbali na madirisha na usikae chini ya mahali ambapo juu yake kuna friji au jiko. Kama hakuna besimenti basi ghorofa ya chini kabisa, chumba cha katikati kisicho na dirisha wala ukuta wa nje, bafuni, kabati la nguo, chini ya ngazi. Wa apatimenti ghorofa ya tatu, ongea na jirani wa chini leo, mgongee mlango hata kama mnaelewana kwa ishara, mpelekee sambusa, mwambie siku ya tonado sisi sita tutakuja kwako. Hakuna atakayekataa akiombwa mapema, shida ni kugonga saa saba usiku mtu hakujui. Kufungua madirisha ili upepo upite, achana nayo, ni uongo wa zamani na inakupotezea dakika.

Wengi wanaoumia wanaumizwa na vitu vinavyoruka, mbao, vioo, matofali, kwa iyo linda kichwa. Zile helmeti za baiskeli za watoto zitoke gereji zikae kwenye kabati la maficho, na wakubwa nao wavae. Mtoto mchanga mfunge mikanda kwenye kiti chake cha gari ingia nacho bafuni. Godoro au blanketi nzito juu yenu. Viatu vigumu miguuni, sio kandambili, maana ukitoka pale chini ni misumari na vioo vitupu. Na kila mtu awe na filimbi au kitu cha kugonga, ukifunikwa na kifusi sauti inaisha haraka.

Fanyeni mazoezi. Jumamosi mchana piga kelele "tonado!" uone nani anaenda wapi. Hapo ndo utagundua kaka mkubwa ana hedifoni hasikii, mdogo kajificha chini ya kitanda ghorofa ya juu, bibi anatafuta mtandio wake kwanza, na bafuni mlango haufunguki vizuri kwa sababu ya kapu la nguo. Gawa kazi, wewe unabeba mtoto, wewe unamshika bibi mkono, wewe unachukua begi na simu, mtandio wa bibi wa pili uwekwe bafuni kabisa. Rudieni gizani na tochi, maana umeme hukatika mapema.

Watoto na wazee waliotoka kwenye vita waambieni kuhusu king'ora kabla. Miji mingi inakijaribisha kwa ratiba, Oklahoma City ni Jumamosi saa sita mchana, Dallas ni Jumatano ya kwanza ya mwezi saa sita mchana, mji wako tafuta siku yake. Kuna mama zetu wanaosikia ule mlio wanatetemeka mpaka jioni na wanaona aibu kusema. Kaeni nao siku ya majaribio, wasikie wakiwa na mtu, wajue hiki ni cha upepo.

Wazazi wa shifti ya usiku, muulize supavaiza maficho ya kazini ni wapi, na mpange mtu mzima wa kukaa na watoto siku za dhoruba. Mchana mtoto akiwa shule, mwache shule, walimu wana mpango wao, usiendeshe kwenda kumchukua kwenye Warning. Ukikutwa njiani na gari, ingia jengo imara lililo karibu, dukani au petroli stesheni. Kama hakuna kabisa, funga mkanda, inamisha kichwa chini ya usawa wa kioo, kifunike kwa mikono na koti.

Begi sasa. Moja kwa familia nzima linatosha likiwa zito kiasi cha mtu mmoja kubeba. Makaratasi kwanza, maana sisi ndo maisha yetu: I-94 (rekodi ya kuingia Marekani), grini kadi, kadi ya soshio sekyuriti, pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, mkataba wa nyumba, bima. Weka kwenye mfuko wa plastiki usioingia maji, af piga picha kila moja mbele na nyuma ujitumie kwenye imeili. Grini kadi ikipotea unajaza fomu I-90, I-94 ni fomu I-102, ina gharama na kusubiri kwake sio mchezo, ukiwa na picha angalau namba zako unazo. Dawa za wiki nzima, miwani, maziwa ya mtoto na pampasi, pawabenki, tochi, betri, pesa taslimu noti ndogo ndogo kwa sababu umeme ukikatika mashine za kadi hazifanyi kazi. Maji galoni moja kwa kila mtu kwa siku, za siku tatu, hizo zikae pembeni. Chakula kiwe kisichohitaji moto, karanga, tende, biskuti, maharage ya kopo na kifungulio chake, unga wa ugali uache jikoni.

Imepita, mko hai. Mkinusa gesi au mkisikia inafoka, tokeni kwa miguu mara moja, usiwashe taa, usizime taa, usiwashe kiberiti, piga 911 ukiwa mbali, na ukishindwa Kiingereza sema "Swahili" watakutafutia mkalimani. Waya uliodondoka usiusogelee hata kama umetulia. Tuma meseji badala ya kupiga, mtandao unakuwa umejaa, na mchague ndugu mmoja wa jimbo lingine ambaye wote mnamtumia "niko salama" ili yeye awajulishe wengine.

Na hili la jiko nalisema kwa nguvu zangu zote: makaa hayachomwi ndani, wala gereji, wala barazani karibu na dirisha, hata kama nje kuna barafu na watoto wanalia njaa. Jenereta pia, futi 20 kutoka nyumbani. Makaa na jenereta vinatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, watu wanalala hawaamki, na kila baada ya dhoruba wapo wanaokufa hivyo tonado imeshaondoka.

Nyumba isipokalika nendeni kwenye makazi ya Red Cross (Msalaba Mwekundu), kulala pale ni bure na hawahitaji makaratasi ya uhamiaji. Namba 211 inakuelekeza kwenye misaada ya eneo lako. Rais akitangaza janga kwa kaunti yenu, omba msaada FEMA, shirika la serikali kuu la majanga, 1-800-621-3362, wakimbizi na wenye grini kadi wanaruhusiwa, omba mkalimani, na kwa kawaida muda ni siku 60 tangu tangazo. Unapokea stempu za chakula na friji imeoza? Ripoti ndani ya siku 10 uombe kurudishiwa. Bima ya mwenye nyumba hailipi makochi yako wala tivii, hiyo ni bima ya mpangaji unayokata mwenyewe, kwa hiyo piga picha vitu vyako chumba kwa chumba leo. Watakuja watu wa kukujazia fomu kwa pesa, wengine wanajiita FEMA. FEMA hawatozi hata senti na wana kitambulisho chenye picha, mtu akiomba hela funga mlango.