Karakana ya nyumbani: anza na stendi, spana baadaye

Kabla hujatamani boksi kubwa la spana, nunua stendi mbili za chuma za kuegemeza gari. Jeki kazi yake ni kuinua tu; sili zake (mipira inayozuia mafuta ndani ya jeki) zikianza kuvuja, gari linashuka na wewe uko chini. Tofali la saruji nalo usiliamini, linapasuka bila kuaga. Mimi nikishaweka stendi, nalisukuma gari kwa bega kwanza. Likicheza, napanga upya. Sakafu ikiwa ya udongo, tandika ubao mnene, la sivyo miguu ya stendi itazama. Spana? Kwa Toyota nyingi, namba 10, 12, 14 na 17 zinamaliza sehemu kubwa ya kazi, pamoja na 21 ya nati za tairi. Ya 10 nunua mbili, hiyo hupotea kila siku.