Machalii wa Arusha, twendeni Kigali kuangalia kikapu: jinsi ya kujipanga mpaka ukae kwenye siti

Kila BAL ikikaribia kuna mtu lazima anitext "oya mlifikaje kule", sasa nimechoka kutuma voisi noti za dakika nane, naandika hapa nikiulizwa tena natuma hii. Mimi ndo mtunza hela wa kundi letu, watu sita, tunacheza pamoja jumapili jioni, na tumeshaenda BK Arena, ule ukumbi wa Kigali, mara tatu. Tulikosea vingi, kimoja kilituuma sana ntakielezea kwenye hatua ya 5.

Kwa asiyejua, BAL ni ligi ya kikapu ya vilabu vya Afrika, NBA ya Marekani na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ndo wameianzisha, msimu wa kwanza ulichezwa 2021 hapo hapo Kigali na Zamalek wa Misri wakabeba. Huyu sio Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu aliyecheza NBA, unamuangalia kwenye simu saa tisa usiku wakati ule yupo Memphis, hii unapanda basi unaenda.

Hatua ya 1: Hela kwanza, majina baadae

Kwenye grupu letu walioandika "nipo" walikua 11. Waliotuma hela 6. Kwahiyo usihesabu mtu kwa emoji ya moto, hesabu mesej ya M-Pesa. Weka tarehe ya mwisho, ikipita funga, hata kama ni shemeji yako.

Hatua ya 2: Ratiba na tiketi kabla ya basi

Usianze na nauli. Miji inabadilika, fainali za 2025 kwa mfano zilichezwa Pretoria sio Kigali, so ukikariri tu kwamba "BAL ni Kigali" unaweza kujikuta umefika ukumbi umefungwa. Angalia ratiba kwenye kurasa rasmi za BAL, linki ya tiketi wanaiweka hapo hapo. Wakicheza wenyeji, APR kwa mfano, tiketi zinakata haraka na kelele ni nyingine kabisa, mimi ningekushauri uchague hiyo siku kama unaweza.

Siti sasa. Watu wote wanataka chini karibu na goli wapige selfi. Sikatai, ila ukikaa chini nyuma ya ringi unaona migongo tu na upande wa pili mpira ukienda huelewi kitu. Sisi tunachukua juu kidogo, usawa wa mstari wa kati, bei inapungua na unaona uwanja wote. Kwenye tivii kamera inafuata mpira, lakini ukiwa pale juu unamuona yule jamaa mrefu anavyoweka skrini (anasimama kumzuia beki ili mwenzake apite), anageuka, anakimbilia ringi kabla pointi gadi, yule mchezesha timu, hajaamua hata kupasi. Chalii wetu mmoja anachezaga namba 5, ile ya mrefu wa chini ya ringi, alirudi Arusha amebadilika, mpaka leo anatupigia kelele tusimame vizuri kwenye skrini.

Hatua ya 3: Pasipoti

Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi, lazima pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Pasipoti ni 150,000, unajaza fomu mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji halafu unapeleka ofisini, usisubiri wiki ya mwisho maana hapo ndo utaambiwa jina la mama kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa tofauti. Viza sisi wa Afrika Mashariki hatulipi.

Hatua ya 4: Njiani

Mpaka Kigali ni kama kilomita 1,000 na ushee, unapita Babati, Singida, Nzega, Kahama, unavukia mpaka wa Rusumo. Sisi tunakata vipande, Arusha hadi Kahama tunalala hapo, asubuhi tunaendelea mpaka mpakani. Rusumo unavuka daraja la mto Kagera kwanza, halafu kugonga muhuri wa kutoka na wa kuingia unafanya jengo moja upande wa Rwanda, usizunguke zunguke upande wetu unatafuta dirisha. Rambo, mifuko ya plastiki namaanisha, usivuke nazo, wanakagua. Ukibadili hela kwa wale vijana wa mpakani, hesabu zao kwanza ndo utoe zako. Na ukishavuka magari yanatembea kulia, angalia kushoto kabla hujakanyaga barabara mana mwenzetu mmoja alikosakosa pikipiki pale pale.

Hatua ya 5: SAA (soma hii mara mbili)

Rwanda wako nyuma yetu saa moja. Tiketi yetu ya kwanza iliandikwa 17:00, yaani saa 11 jioni ya kwao. Mimi mjanja nikawaambia wana, saa 11 ya kwao ni saa 12 ya kwetu, tulieni. Tukatulia. Tumekaa Kisimenti, mtaa wa misosi hapo Kigali, tunakula brosheti ya mbuzi na viazi, kila mtu anaangalia simu, ikigonga 12 kasoro tuondoke. Kumbe simu zilishajibadilisha zenyewe tangu Rusumo! Zilikua zinasoma saa ya Kigali. Tumefika getini tunasikia ukumbi unatetemeka, tukadhani ni mapasha moto, tunaingia ubao unasoma kota ya tatu. Watu watano wakanigeukia bila kusema neno.

Kwahiyo: ukishavuka, soma saa ya simu kama ilivyo, usiongeze usipunguze. Na uwe getini dakika 90 kabla ya mechi, wachezaji wanapasha, wanadanki bila presha, hiyo pekee ni nusu ya hela yako.

Hatua ya 6: Ndani

Wanakagua mabegi, nenda na simu na koti tu. Tiketi piga skrinshoti kabla ya kutoka gesti, bando la Tanzania usilitegemee. Ukumbi unachukua watu 10,000 hivi kwahiyo kubalianeni mlango wa kukutana mkipotezana. Kota ni dakika 10, sio 12 za NBA, zinaenda haraka, ukitaka kwenda chooni au kununua maji nenda kota ya pili ikibaki dakika mbili, usisubiri mapumziko kama kila mtu.

Hatua ya 7: Kutoka

Mechi ikiisha usikimbilie moto (bodaboda, kule ndo wanaziita hivyo) pale getini, wote wanazitaka. Tembea taratibu kuelekea Remera, watu wamejaa barabarani hamna wasiwasi, mbele huko utapata kwa bei ya kawaida. Dereva atakupa helmeti, vaa, kule sio utani. Lipa keshi ya Faranga ndogo ndogo, noti kubwa usiku hana chenji. Na tiketi ya basi la kurudi kanunue Nyabugogo, stendi kuu ya Kigali, siku moja kabla ya mechi, sio asubuhi ya kuondoka, sisi tulikaa pale mpaka mchana na mabegi, tunabishana tu ile ribaundi ya mwisho ilikua fauli au sio.