Ziba Njia ya Korongo Kabla ya Kupandikiza Samaki

Mwenye bwawa la samaki uani mwake hapa Mombasa anafuga jirani kabisa na ndege wanaoishi kwa kula samaki. Kisiwa kina maji ya Tudor upande mmoja na Port Reitz upande wa pili, na ukienda kaskazini unafika Mtwapa. Penye mikoko hapakosi korongo wa kijivu, yangeyange na mdiria. Maji yakipwa, ndege hawa hula matopeni. Yakijaa, hasa siku za bamvua, matope yanafunikwa nao wanaanza kutafuta maji ya kina kifupi kwingineko. Bwawa la tilapia la Mikindani, Mtongwe au Kisauni lina samaki wengi waliojazana mahali padogo, wasio na pa kukimbilia. Korongo hahitaji zaidi ya hapo.

Fanya hesabu kidogo. Korongo mkubwa wa kijivu huhitaji takriban gramu 300 hadi 500 za chakula kwa siku. Chukua bwawa la mita 6 kwa 5, lililopandikizwa samaki 3 kwa kila mita ya mraba. Hao ni samaki 90. Wakiwa bado na uzito wa gramu 20 kila mmoja, gramu 300 ni samaki 15. Ndege mmoja akilitegemea bwawa hilo pekee, siku 6 zinatosha kulimaliza. Ni kweli kwamba hula pia vyura, kaa na panya, lakini kwa nini ahangaike na panya ilhali tilapia wako wazi mbele yake? Yale mabwawa ya mita za mraba 300 yaliyochimbwa sehemu nyingi za nchi kwa mpango wa serikali wa kuinua uchumi wa 2009 yalipandikizwa samaki wapatao 1,000 kila moja. Bwawa kama hilo likipoteza samaki 50, mwenyewe huenda asijue. Wewe wa uani ukipoteza 50, mavuno yameshakwenda.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko wote, ni huu: wavu utandwe kabla vifaranga havijaingia majini. Wafugaji wengi hufanya kinyume. Wanamaliza pesa kwenye laina ya plastiki ya kutandika bwawani, vifaranga na chakula, kisha wavu unasubiri hadi hasara ionekane. Korongo aliyekwisha kula bwawani kwako atarudi, na atarudi kwa subira. Aliyefika akakuta pamezibwa tangu siku ya kwanza huendelea na safari yake.

Ikiwa samaki wameshaanza kupungua, hakikisha kwanza mwizi ni nani. Korongo hupenda kuwinda alfajiri na jioni, wakati uani hapana watu. Ukirudi kutoka swala ya alfajiri, pita bwawani kabla kuku hawajavuruga ardhi. Tafuta nyayo za vidole vinne virefu vyembamba, vitatu mbele na kimoja nyuma, urefu wake karibu na kiganja cha mtu mzima. Tafuta pia mavi meupe ya majimaji yaliyotapakaa ukingoni kama chokaa. Tazama samaki waliobaki: aliyeponyoka mdomo wa korongo huwa na tundu au jeraha ubavuni, na baada ya siku chache jeraha hilo huota kuvu kama pamba. Nyayo zenye kucha na mstari wa mkia ulioburutwa katikati yake ni za kenge, na kenge hupita chini ya wavu wowote usiofungwa ardhini. Kunguru kwa kawaida huja kwa chakula kinachoelea na samaki waliokwisha dhoofika. Samaki wakubwa wote wakitoweka usiku mmoja na wadogo wakabaki, huyo ni mtu, na hapo unahitaji lango na kufuli.

Sasa wavu wenyewe. Ulizia kwa wavuvi nyavu kuukuu za nailoni nene, zenye macho yasiyozidi sentimita 5. Macho ya ukubwa huo humzuia korongo na yangeyange, na punje za chakula cha samaki hupita bila wewe kufunua chochote. Usichukue wavu wa uzi mwembamba usioonekana. Ndege asiyeuona huingia kwa kasi akanasa, akafia humo, na popo hupatwa na hayo hayo usiku. Wavu mzuri ni ule ambao ndege anauona akiwa bado juu ya mwembe wa jirani.

Nguzo si lazima ziwe za mikoko. Ukataji wa mikoko unahitaji kibali, na nguzo za mvinje zinatosha kabisa. Zisimike kila baada ya mita 2 kuzunguka bwawa, kisha vuta kamba imara kutoka nguzo hadi nguzo, na nyingine zikatize katikati ili wavu usining'inie. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Wavu uliolegea ukagusa maji haumzuii korongo, kwani husimama ukingoni akachoma samaki kupitia macho ya wavu. Uinue mita 1 au zaidi juu ya maji, uuvute hadi ukaze, na pembeni uushushe mpaka ardhini ukaukandamize kwa mawe au vigingi. Kwa bwawa la mita 6 kwa 5, wavu wa mita 9 kwa 8 unakupa ziada ya mita moja na nusu kila upande kwa ajili ya mteremko huo. Acha upande mmoja ufungwe kwa kulabu ili uweze kuingia. Wavu ulioshushwa na kukazwa namna hii humpunguzia pia mtoto anayetambaa uwezekano wa kufika majini. Lakini hauchukui nafasi ya macho ya mtu mzima.

Aliyekosa pesa za wavu mzima aanze na kamba za ukingoni. Mara nyingi korongo hatui majini. Hutua kando, akasimama kutazama, kisha akaingia kwa miguu, taratibu. Kamba mbili zikizungushwa bwawa zima, moja sentimita 20 kutoka ardhini na nyingine sentimita 35 hivi, humgonga miguuni na kifuani kila anapojaribu kuingia. Ongeza nyuzi zinazokatiza juu ya maji kila sentimita 30 ili asipate pa kutua katikati. Njia hii haimzuii mdiria, ambaye huja kwa kupiga mbizi akachukua vifaranga. Kwa hiyo ichukue kama hatua ya muda huku ukitafuta wavu.

Umbo la bwawa nalo lina kazi yake. Korongo anategemea urefu wa miguu. Kingo zikishuka wima na maji ya pembeni yakawa na kina cha sentimita 80 au zaidi, hawezi kusimama ndani. Maji yakiwa sentimita 30 chini ya ukingo, kumfikia samaki kutoka nje kunakuwa kazi ngumu. Bwawa la udongo haliwezi kuwa na kingo za wima, litaporomoka. La kujengwa kwa mawe na saruji linaweza, na hapa kwetu penye mchanga na mwamba wa matumbawe wengi hujenga hivyo hata hivyo.

Wape samaki pa kujificha pia: vipande vya mabomba ya plastiki ya inchi 4 au 6 chini ya maji, na kichanja cha makuti kinachofunika robo ya bwawa. Usifunike lote, kwa sababu maji yanahitaji jua ili yawe na ule ukijani unaolisha tilapia na kutoa oksijeni mchana. Anayefuga kambare asiache nafasi yoyote wazi kwenye wavu. Kambare hupanda juu kuvuta hewa, na kila apandapo anajionyesha.

Kuna jambo ambalo wafugaji wachache hulihusisha na korongo, nalo ni hewa ya maji. Usiku mimea ya majini haitoi oksijeni, inaitumia. Kufikia alfajiri bwawa lililojaa kupita kiasi, au lenye chakula kilichooza chini, huwa limeishiwa, na samaki wote wanaelea juu wakihema kwa midomo. Ni saa ile ile ndege anapotua. Samaki anayehema hawezi kukwepa. Ukiona hivyo, punguza chakula, badilisha sehemu ya maji, na usilishe baada ya saa kumi na moja jioni. Lisha saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na urushe chakula katikati. Samaki waliozoea kulishiwa kona moja ya ukingoni hukimbilia hapo wakiona kivuli chochote, hata kivuli cha korongo.

Vinyago, kanda zinazometa na diski kuukuu zilizotundikwa husaidia siku chache tu. Ndege akigundua kwamba hakuna kinachomdhuru, anazizoea.

Hasara nyingine ya korongo haionekani haraka. Ndani ya koo lake huweza kuishi mnyoo mdogo ambaye mayai yake huangukia majini. Vijidudu vinavyotoka humo huingia kwanza kwa konokono wa maji baridi, kisha kwa samaki. Ukimpasua tilapia ukakuta vidonge vya manjano kwenye nyama au karibu na matamvua, huenda ndivyo hivyo. Mnunuzi akiviona haridhiki, na ana haki. Wavu hukata mzunguko huo upande wa ndege. Wewe ukate upande wa konokono kwa kung'oa magugu ya ukingoni, na kwa kukausha bwawa na kupaka chokaa kila baada ya kuvuna.

Usimuue korongo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kuua wanyama wa porini bila kibali, na ndege ni miongoni mwao. Sumu ni mbaya zaidi, kwani itaingia kwenye maji, samaki, kuku wako na mwishowe chakula cha nyumbani. Hata ukimuua mmoja, Tudor imejaa wengine. Ukimkuta amenasa, mfunike kichwa kwa kitambaa kwanza, maana mdomo wake hulenga macho. Kisha kata nyuzi kwa makasi na umwachie.

Wavu hauna budi kuangaliwa. Kusi ikianza kuvuma hupasua mafundo, na jua letu hula nailoni hadi ikavunjika mkononi. Ukague kila wiki, na kila baada ya mvua kubwa za masika. Siku ya kuvuna, unapopunguza maji na samaki wakabanana kwenye kina kidogo kilichobaki, uache wavu mahali pake mpaka ndoo na watu wa kuvua wako tayari, kisha ufungue upande mmoja tu.